Nyuso za Foleni ya Maji

Maji yanapoanza kuingia katika bidoni tupu, dumu la plastiki, huvuma kwa sauti nzito, kisha sauti hupanda kadiri bidoni inavyojaa. Kiangazi kile tuliamka kwa sauti hiyo mtaani kwetu Katoyi, kwenye robine, bomba la maji la watu wote, juu ya mawe meusi ya volkano yaliyotuchoma nyayo. Foleni ilikuwa ndefu, na watu waliacha bidoni zao zishike nafasi wakaenda kukaa kivulini. Ilibidi ujue uso wa aliye mbele yako na wa aliye nyuma yako. Asiyejua alirukwa, akarudi nyumbani bila maji. Mimi nyuso hazikuniingia. Nilimtazama mtu vizuri, nikageuka, akafutika.

Tantine Zawadi, mdogo wake mama, ndiye aliyeniokoa. "Usikamate sura yote," aliniambia. "Kamata kitu kimoja tu, ukifunge na kitu ya nyumbani." Basi mama mmoja akawa kiazi cha Rutshuru kwa vile vishimo vya mashavuni, na mzee mmoja akawa kufuli kwa mdomo wake uliobana. Niliwarudia wote kimoyomoyo. Kukosea uso mmoja kulinitisha kuliko fimbo.

Lakini uso nilioogopa hasa kuukosea ulikuwa wa baba. Alikwenda Walikale kuchimba dhahabu nikiwa mdogo sana, picha yake hatukuwa nayo, na mama alisema atarudi kabla ya mvua. Nilichobaki nacho ni pengo la meno yake ya mbele, nikalifunga na mlango wa jikoni kwetu, ambao haukufungika sawasawa. Kila nilipolala niliutembelea mlango ule kichwani, nihakikishe bado upo. Nilitaka siku atakayorudi nimkimbilie kabla hajataja jina langu.

Alipofika alinikuta kwenye foleni. Mwanamume mwenye mfuko begani alizipita bidoni zote, akasimama kando yangu, akaweka mkono juu ya bidoni yangu. Nikapaza sauti: "We papa! Fata mustari! Hapa hakuna chef, kila mutu na zamu yake!" Watu wakacheka. "Mutoto wa Katoyi huyo, hachezewi!" mmoja akasema. Yule mwanamume aliondoa mkono polepole, akatembea hadi mwisho wa foleni, akasimama pale bila hata chombo cha kutekea. Tantine Zawadi akanishika bega. "Haumujue? Si ule ni papa yako?" Nikageuka. Alikuwa akitabasamu. Pengo halikuwepo. Alikuwa amewekewa meno mapya, meupe, ili arudi kwetu akiwa mzuri. Nilisubiri kitu kinipande kifuani, furaha au hata aibu. Hakikuja. Zamu yangu ikafika, nikateka maji.

Siku hizi picha zake zimejaa kwenye simu yangu. Hata hivyo, kila anaporudi kutoka soko la Kituku na samaki, kabla sijaitikia salamu yake namkagua: kovu la kidevuni, mvi mpya juu ya sikio, jicho la kushoto linaloanza kulegea. Kilichobadilika nakirekebisha kichwani hapo hapo. Sijakosea tena, na sijui kama ninachokifanya kinaitwa upendo. Yeye hudhani namtazama hivyo kwa sababu nilimkosa sana. Huniachia uso wake, akatulia mlangoni, mpaka nimalize.