Kofia Nyeupe ya Ernestine

Fundi kofia wa mtaa wa weusi, mjini Macon, kusini mwa Marekani, huongea huku pini zimemjaa mdomoni, na vidole vyake vina makovu ya sindano. Ernestine, aliyekuwa karibu kuolewa, alifika kwake akilia. Katika duka la wazungu alikuwa amegusa kofia tu, mwenye duka akampokonya: weusi hununua, hawajaribu. Fundi hakumpa hata pole. Alimkalisha mbele ya kioo, akawa anamvika hii na kumvua ile, akiguna kwa raha.

Mara mke wa hakimu, mzungu, akaingia bila hodi. "Shangazi, nipe ile nyeupe," alisema, kama wazungu walivyozoea kumwita kila mwanamke mweusi mtu mzima. Akaivaa, akajitazama, akatabasamu. Fundi akamvua taratibu, akamvika Ernestine.

"Hebu tuione na kwako, mwanangu."

"Mama, acha, tafadhali," Ernestine alinong'ona.

"Tulia." Kisha fundi akamgeukia mke wa hakimu. "Kwangu kila mtu anajaribu, Bimkubwa."

Mzungu yule akaiva uso, akatoka akibamiza mlango. Fundi akatia komeo, kisha akarudi kuinyoosha kofia kichwani mwa Ernestine.

"Inua kidevu, mwanangu. Ukiinama itaanguka."