Ngapi na Wa Ngapi

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka hadi leo, na kila nikiikumbuka najionea aibu na huruma kwa pamoja. Nilikuwa kidato cha pili, muhula wa mwisho, katika shule moja ya kutwa hapa Kawangware. Matokeo ya mtihani yalikuwa yamebandikwa nje ya ofisi ya walimu, nasi tukisukumana pale kama watu wa foleni ya maji. Nikatafuta jina langu, Nafula. Fizikia, arobaini na moja. Dini, sabini na nane. Sikuangalia kitu kingine.

Juma hilo tulikuwa tunajaza fomu za kuchagua masomo. Ratiba ya shule yetu iliweka Fizikia na Dini saa ile ile, kwa hiyo ukichukua moja umeaga nyingine. Sasa niambie wewe, msichana wa miaka kumi na sita mwenye arobaini na moja huku na sabini na nane kule, atachagua nini? Niliona jambo limejieleza lenyewe.

Shida ni kwamba nilitaka kuwa mpima ardhi, saveya kama tulivyomwita. Usicheke. Tulikuwa wapangaji kule Kabiro, na mwenye ploti alikuwa amegombana na ndugu yake juu ya mpaka hadi wakawa hawasalimiani kanisani. Wazee walijaribu, pasta akajaribu, wapi. Kisha akaja mama mmoja na kifaa chake cha miguu mitatu, akapima asubuhi moja, akagongelea vyuma vinne ardhini, akaenda zake. Hakupaza sauti hata mara moja, na ugomvi ukaisha. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi yangu. Na kozi ya kazi hiyo chuo kikuu ilidai Fizikia, hilo nililijua vizuri. Lakini nilijidanganya kwamba nikivuna A ya Dini na nyingine chache, pointi zangu zitakuwa nyingi sana, na mtu mwenye pointi nyingi hafungiwi mlango.

Mwalimu wa Fizikia aliitwa Mwalimu Ndung'u, mrefu, mkimya, koti lake lina vumbi la chaki siku zote. Alipoiona fomu yangu aliniita koridoni.

"Nafula, umedrop Physics. Mbona?"

Nikamwambia nimepata arobaini na moja.

"Hiyo ni ngapi. Mimi nakuuliza, ulikuwa wa ngapi?"

Sikuelewa tofauti. Akanipeleka mwenyewe kwenye ile karatasi ya matokeo, akapitisha kidole polepole. Katika Fizikia nilikuwa wa tatu darasa zima. Katika Dini, na hiyo sabini na nane yangu ya kujipigia kifua, nilikuwa wa ishirini na tisa, kwa sababu karibu kila mtu alikuwa na sabini na kitu. Akaniambia niirudishe Fizikia kwenye fomu, kwamba hizo namba mbili hazilingani hata kidogo.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, kwa ile adabu ya mdomoni tu, kwamba anatafuta watu wa kujaza darasa lake kwa kuwa kila mtu analikimbia. Kisha akatoa kalamu, akatia sahihi fomu yangu kama ilivyokuwa, akanirudishia bila neno. Nilirudi darasani nikijiona nimeshinda.

Rafiki yangu Akinyi, aliyekuwa akitembea kutoka mtaa wa Soweto West kila asubuhi, alikuwa na thelathini na nane. Tatu chini yangu! Nikamshawishi tuhame pamoja. Nilimwona mpumbavu alipokataa.

"Mimi sitoki," aliniambia. "Kama hii kitu ni ngumu kwangu na mimi husoma, basi ni ngumu kwa wote. Si watatusahihisha na kutulinganisha sisi wote?"

Hakuwa amefundishwa na mtu. Alikuwa amekaa tu, akafikiri, jambo ambalo mimi sikulifanya.

Tulifika kidato cha nne. Siku ya karatasi ya Fizikia Akinyi alitoka akilia, akiapa kwamba hata nusu hakufikisha. Mimi nilitoka kwenye Dini nikicheka, maana hakukuwa na swali lililonishinda. Matokeo yalipokuja, yeye alikuwa na B+ ya Fizikia. Mimi na kicheko changu nilikuwa na B- ya Dini. Wenzangu nchi nzima nao walikuwa wametoka wakicheka.

Na sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndipo palipouma. Gredi ya jumla tulikuwa sawa kabisa, mimi na Akinyi, B+ kila mmoja. Lakini kozi ya upimaji iliangalia masomo yake manne tu, na moja kati ya hayo manne mimi sikuwa nalo. Akinyi, ambaye hata hakuwa ameota kazi hiyo kama mimi, aliijaza kwenye fomu yake ya chuo kikuu akaitwa. Mimi niliitwa kusomea ualimu. Baba yangu, fundi seremala, aliishika ile barua ya kuitwa akaigeuza pande zote, akaniuliza kwa upole hiyo B+ yangu imeharibikia wapi. Nililia siku tatu, mama akawa ananiletea uji kitandani kama mgonjwa.

Usidhani nakusimulia maisha yaliyoharibika. Nimefundisha miaka mingi, nimewapenda wanafunzi wangu, na wengine bado hunisimamisha barabarani kunisalimia. Lakini uchungu ule haukuniacha upesi, na ulinifanya nikosee mara ya pili, safari hii kwa mtu mwingine.

Mdogo wangu Barasa alikuwa kidato cha pili wakati huo. Baada ya yaliyonipata nilikuwa nimeamini kwamba Fizikia hugawiwa alama za bure. Nilimwambia aache Historia aliyoipenda, achukue Fizikia, kwamba hata akipata kidogo watampandishia. Alikuwa wa mwisho mwisho katika somo hilo, na bado nilimsukuma. Akanitii kwa sababu mimi ndimi dada mkubwa niliyefika chuo. Alipata D, na ile D ikaburuta gredi yake yote chini, na uanasheria aliouwazia ukaishia hapo. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu.

Nilikuja kuelewa vizuri nilipokuwa mwalimu na kuanza kusahihisha mitihani. Hakuna anayegawa za bure. Kazi ya kusahihisha ikiisha, wakubwa wa mitihani hutazama somo lile lilikuwa gumu kiasi gani kwa watoto wa nchi nzima, ndipo wanapoamua A ianzie wapi na B ianzie wapi. Karatasi ikiwa ngumu, mstari unashuka. Ikiwa rahisi, mstari unapanda. Lakini mstari ukishuka unashuka kwa wote, na aliyekuwa wa mwisho anabaki wa mwisho. Mimi nilikuwa nimewakimbia watu wengi niliowashinda, nikaenda kujipanga nyuma ya umati. Barasa nikamfanyia yale yale, nikamtoa Historia nikampanga mwisho wa foleni ya Fizikia.

Mwalimu Ndung'u alipostaafu alihamia mtaa wa Nyayo Highrise. Nilikwenda kumwona mchana mmoja nikiwa na mkate na aibu yangu. Nilimwomba msamaha kwa lile jibu la koridoni. Nilidhani amesahau. Hakuwa amesahau.

"Nafula, mama, kosa halikuwa lako peke yako," alisema. "Mimi nilikuonyesha karatasi, sikukuambia sababu. Ukanijibu vibaya, nikakasirika, nikasaini. Ungekuwa mtoto wa kwangu, ningesaini?"

Kisha mke wake akaleta chai, tukazungumza mambo mengine.

Sasa ni wewe, mwanangu. Siku hizi mnachagulishwa njia ya masomo mapema sana, hata sauti za wavulana hazijatulia, na majina ya mitihani yamebadilika, lakini hesabu ni ile ile. Ukipewa karatasi, usiishie kwenye umepata ngapi. Uliza umekuwa wa ngapi, na kati ya watu gani. Somo lenye alama nyingi kwa wote halijakupa kitu bado. Somo gumu nalo usilifuate kwa sababu umesikia linapandishwa, maana kama huliwezi na hulipendi litakuangusha hata mstari ushuke vipi. Anza na kazi unayoitaka, angalia kozi yake inadai masomo gani, kisha yashike hayo, hata yakikutoa jasho. Na mtu mzima akikuambia fanya hivi, mwulize sababu hadi akueleze.

Mimi niulize. Njoo na fomu yako kabla hujaijaza, njoo na maswali yako ya kijinga, hata ukija na mdomo kama niliokuwa nao mimi. Ukinijibu vibaya sitasaini ninyamaze. Nitavuta kiti nikueleze tena. Mungu akupe kazi inayokaa moyoni mwako, akuepushe na haraka ya siku moja, na popote utakapokaa kusoma akuwekee mtu asiyechoka nawe.