Mtoto wa Nyumba ya Bilhah

Mwaka ule wa 1996, kanisani kwao Boito, kila mtu alijua kwamba benchi la nyuma kabisa, lile la karibu na mlango, ni la waliotengwa. Hawakuimba, hawakukaribia meza ya Bwana, na watoto wa nyumba zao hawakubatizwa. Bilhah alikuwa amelikalia mpaka akajua ni msumari upi unaochana sketi.

Kosa lake ni kwamba alioa. Mumewe, Kipkosgei, alikufa bila kumwachia mtoto, na mila ya Wakipsigis haimwachi mjane wa namna hiyo akae tu akiona nyumba yake ikizimika. Alitoa ng'ombe, akamwoa msichana aitwaye Chelangat amzalie mrithi wa jina la marehemu na wa kile kishamba cha chai. Chelangat akajifungua mvulana, Kipngeno. Kuhusu mwanamume aliyepita hapo katikati, mila haina swali. Anayeuliza amemtukana mwenye nyumba.

Aliyemshtaki ni Mzee Aron, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. "Sheria ya Mungu haibadilikangi," alinguruma, akaagiza Bilhah akae nyuma mpaka amrudishe Chelangat kwao. Bilhah hakumrudisha. Kutengwa angekuvumilia, maana alikuwa amekula chumvi nyingi. Kilichomuuma ni Kipngeno. Alitaka amwone akibatizwa kabla yeye hajafa, basi. Aliliomba hilo kila alipochuma chai, na siku nyingine alimgombeza Mungu kwa sauti, majani yakiwa mkononi.

Ndipo akaletwa Pasta Seth, kijana wa kabila jingine kutoka kandokando ya ziwa, mnyoofu, mpenda haki. Alishangaa kuona kosa la watu watatu likilipiwa na wanawake wawili. Mila hakuijua, na wazee waliopaswa kumweleza hawakuona haraka. Jumapili moja akasimama mbele ya kanisa lote.

"Ndugu zangu, nidhamu si ya akina mama peke yao. Huyu mtoto hakuanguka kutoka mbinguni. Baba yake kama yuko hapa, asimame atubu. Akikataa, Mama Bilhah atatuambia jina."

Akina mama wakatazama sakafu. Bilhah aliona aibu kwa niaba ya kijana wa watu, kisha akatazama benchi la mbele. Shingo ya Mzee Aron ilikuwa imelowa jasho, na asubuhi za Boito zina baridi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Akasimama polepole. Jina lilikuwa ulimini, na lilikuwa tamu.

"Pasta, sisi hatuulizangi hivyo," alisema. "Baba ya huyu mtoto ni Kipkosgei."

"Si Kipkosgei alikufa, Mama?"

"Alikufa. Nyumba yake haikukufa."

"Mama, mbele ya Mungu, nakuuliza tena..."

Mzee Aron akaruka kama aliyekalia siafu. "Pasta, hiyo maneno tuache! Mungu ni wa huruma. Huyu mama ameumia ya kutosha. Mimi kama mwenyekiti naomba arudishwe kundini leo, na mtoto abatizwe leo leo!"

Wazee wenzake wakaunga mkono kabla hajakaa. Kwa hiyo sheria isiyobadilika ikabadilika kabla chai ya baada ya ibada haijachemka. Pasta Seth, ambaye hakuelewa kitu ila alifurahi kuona huruma, akaagiza maji. Aron mwenyewe akakimbilia beseni.

Bilhah alitembea mpaka mbele akiwa amemshika Kipngeno mkono, Chelangat nyuma yao. Furaha ilimjaa mpaka kooni. Hasira nayo ilikuwa palepale, haijaenda popote.

"Jina la ubatizo, Mama?" pasta akauliza.

Bilhah akamtazama mwenyekiti kwa upole. Baba wa mtoto, Bilhah hakumtaja, wala hangemtaja.

"Aron," alisema. "Namheshimu mzee aliyemtetea."

Chelangat akajifunika mdomo kwa leso. Beseni likayumba, na nusu ya maji ikamwagikia viatu vya pasta.