Cheti Changu cha Unesi Kiko Ukutani kwa Mume Wangu

Ndugu wasomaji, mhariri ameniahidi jina langu halitatoka, na kwa kweli lisitoke, maana Dodoma tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nesi wa wodi ya watoto, nina mume na watoto wawili. Mkitaka kunisema mniseme, ila mnisikilize kwanza mpaka mwisho.

Kazi yangu naipenda. Wengi hawaniamini, kwa sababu mshahara wa nesi kila mtu anaujua. Lakini mimi nimezaliwa kijijini huko Mpwapwa, katika nyumba ambayo binti hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa kaka yake ndiye anayejibu. Siku niliyokabidhiwa ufunguo wa chumba kwenye nyumba za wauguzi, nilifunga mlango, nikafungua, nikafunga tena, nikacheka peke yangu kama mwehu. Wodini mtu mzima ananiuliza, "Sista, tufanyeje?" Nikijibu, nililosema linafanyika. Mtoto anaingia amelegea kwa malaria, siku ya tatu anamnyang'anya mwenzake uji! Jamani, furaha ile siwezi kuieleza. Pale ndipo najiona mtu.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa karani kwenye shirika la umma. Shirika likauzwa, yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nilimwonea huruma sana, mwanamume aliyezoea kutoka asubuhi na kalamu mfukoni sasa anashinda barazani anatazama wapita njia. Alipopata kiinua mgongo akasema atafungua duka la dawa hapa hapa Makole, siku hizi si biashara ni ruksa kwa kila mtu? Tatizo leseni haitoki bila mtu aliyesomea. "Mama Neema, weka jina lako tu," akaniambia. "Jioni ukitoka kazini utapita, mimi nitakuwa nauza panado." Nikakubali. Tena cheti changu, chenye picha yangu nimevaa kofia ya unesi, nilikipeleka mwenyewe kwa fundi akakitia kioo, nikakitundika dukani kwa mkono wangu. Kosa langu ndilo hilo, silikatai.

Mwanzoni nilipita kila jioni kweli. Baadaye wauguzi wakapungua wodini, zamu zikabana, nikawa siendi. Siku moja napita ghafla, namkuta Baba Neema amevaa koti langu jeupe la zamani, watu wamejaa kwenye benchi wanamwita daktari, na yeye anachoma sindano! Nilingoja wateja waishe nikamwambia, "Baba Neema, utaua mtu." Akacheka. "Watu wenyewe hawataki vidonge. Ukiwapa vidonge wanaona umewadharau." Nikalia, nikanuna, nikasusa kula. Akaniahidi ataacha. Nilitaka kuamini, nikaamini.

Halafu nikapata barua kwamba nimechaguliwa kwenda kujiendeleza, miaka miwili. Masomo yanaanza mwezi ujao, na chuoni wanataka cheti halisi, si nakala. Nimemwomba mume wangu mara nne. "Ukikitoa, wakaguzi wakija niwaonyeshe nini, kalenda?" Mara ya nne akaongeza, "Kwanza acha hiyo kazi uje ukae dukani, wewe si ndiye mwenye jina?"

Nikiwa katika mawazo hayo, akaingia wodini bibi mmoja wa Kigogo amembeba mgongoni mjukuu wa miaka minne. Mtoto hawezi kukanyaga, unyayo mmoja unaning'inia. Nikamwuliza imeanza lini. "Alikuwa na homa tu, mwanangu. Tukampeleka mjini akachomwa sindano. Homa ikaondoka, mguu ukalala." Nikamvua mtoto kaptula, nikaona kovu la sindano mahali ambapo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anakatazwa kuchoma. Nikauliza ni duka gani. Yule bibi akanitazama usoni, akatabasamu. "Si kwako? Picha yako iko ukutani. Mume wako alisema mke wake ni nesi, ndiye aliyemfundisha. Nikasema, basi, hapa ni salama. Namshukuru Mungu leo nimekupata mwenyewe."

Daktari alipokuja akasema mshipa wa fahamu umeguswa, mtoto afanyishwe mazoezi, huenda mguu ukarudi, huenda usirudi. Bibi alipotoka nje, daktari akaniuliza kama amesema mtoto alichomewa wapi. Nikajibu kwamba hakumbuki. Mimi, nesi, nikasema hivyo mbele ya mtoto yule.

Nyumbani nilimweleza Baba Neema. Aliinamisha kichwa, nikadhani ameguswa. Kumbe anatafuta maneno. "Nenda kaseme," akaniambia. "Leseni ina jina la nani?" Na ni kweli, ina jina langu. Nikisema, tunaangamia wote wawili, wanangu wabaki na nani? Nami nitafutwa unesi, na nje ya wodi ile sijui mimi ni nani. Nikikiiba cheti niende chuoni, yeye ataendelea kuchoma watu hata bila cheti, wameshamzoea. Nikinyamaza, kesho ataletwa mtoto mwingine. Nimeomba Mungu mpaka nimechoka, usingizi sina, chakula hakipiti.

Bibi anamleta mjukuu mazoezi kila Jumatatu. Hataki mwenzangu yeyote amshike, anakaa kwenye benchi ananingoja mimi, hata kama nina wagonjwa kumi. Jumatatu iliyopita aliniletea karanga za shambani kwake kwenye kikapu, asante ya kumhangaikia mtoto. Nikazipokea.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?