Mama Alipotaka Mgebuka

Tangu tumzike baba, mama alikuwa hataki kula. Huku kwetu Busunzu chakula kilikuwepo, maharage, mihogo, ndizi, lakini ukimwekea anaonja kidogo, basi. Mwili ukamwisha tukimwangalia. Mimi nikagomba, nikabembeleza, nikagomba tena. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nagomba, na hapo niliogopa kweli kweli.

Siku moja akasema anatamani mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika, ila awe mbichi, atoke majini aingie sufuriani. Mama alizaliwa kando ya ziwa hilo, upande wa Burundi, akaja huku angali mtoto. Nikamwambia tutakwenda mwezi ukiwa mkubwa, maana sisi wa milimani safari tunazipenda kwenye mbalamwezi, ukichelewa unaiona njia. Akajibu tu, "Ego, sawa."

Kibirizi, kule Kigoma wanakoshushia samaki, tulikuta mitumbwi imevutwa mchangani na wavuvi wamelala kivulini. Nikamuuliza mama ntilie mmoja samaki wako wapi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Nyie mmetoka milimani tu. Huku wanavua usiku kwa taa, dada yangu. Mwezi ukiwaka hivi, samaki afuate taa ili iweje? Subirini giza, kama wiki hivi."

Aibu ilinishika, halafu hasira. Nikamwambia mama tunarudi kesho asubuhi, maharage yanatuozea shambani. Yeye alishavua ndala, amesimama majini.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Habari za mwezi. Nimekulia kwenye haya mambo. Ningekwambia, ungenileta wakati wa giza, nile, kesho yake unirudishe. Nataka nikae hapa niwaone wakitoka na taa zao. Wewe nenda kwenye maharage yako."

Nilitaka kugomba, nikaokota ndala zake. Mtu aliyekuwa haoni hata sababu ya kuamka, leo anapanga wiki nzima.

Mama ntilie akasema chumba cha kulala kipo kwake. Mama akamuuliza kama ana ugali. Ulikuwepo, na dagaa wakavu wa kuunga na nyanya. Akanawa, akala tonge baada ya tonge bila kuongea na mtu. Alipomaliza akanyoosha mkono kwenye sahani yangu, nikamwachia yote. Nisingeweza kula mwenyewe, nilikuwa nalia.