Mgeni Asiyekosea Hatua

Hiki si kisa cha kuambiwa. Yamenikuta miye mwenyewe, hapa hapa Maskati, katika ukumbi mmoja wa harusi kule Azaiba, taa zinawaka na watu wamejaa tele. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha nisikilize.

Kazi yangu ni kupiga disko kwenye harusi za wanawake. Nakaa Al Amerat, nna gari langu, spika zangu, taa za rangi na mashine ya moshi. Katika ukumbi wa wanawake simu zinaachwa mlangoni, abaya zinavuliwa, na hapo ndipo utajua nani anajua kucheza. Wateja wangu wengi ni jamaa zetu wa Unguja, basi napiga kila kitu: za Kiarabu, taarabu, bongo, na zile disko za zamani ambazo mama zetu wakizisikia wanasahau kama wana magoti.

Siku hiyo, baada ya Isha, bi harusi alikuwa bado hajaingia. Aliyenikodi ni mdogo wake, Salma, msichana wa chuo, mchangamfu, tangu nyimbo ya kwanza hajakaa kitini. Mara nikamwona mwanamke katikati ya watu. Gauni la kijani linalometameta, nywele mpaka kiunoni. Sikumwona akiingia. Nikadhani ni wa upande wa bwana harusi. Nilikuja kujua baadaye kwamba wao walidhani ni wa upande wa bi harusi.

Alivyokuwa akicheza! Niamini, miaka yote niliyosimama nyuma ya meza ile sijaona mfano wake. Mtu hodari vipi, ngoma ikibadilika ghafla mguu wake huchelewa kidogo. Huyu hachelewi. Nikambadilishia nyimbo kwa makusudi, nimjaribu. Mguu wake ukafika kabla ya ngoma. Kabla, unanielewa? Nyimbo nnayoiwazia moyoni, sijaigusa bado, yeye kashaanza kuicheza.

Hapo ndipo ilinipasa niogope. Mjinga miye, nikafurahi.

Akamnyooshea Salma mikono, Salma akaipokea. Nyimbo ya kwanza watu wakashangilia. Ya pili, vigelegele. Ya nne, Neema akanijia mbio. Neema ni dada wa Singida aliyekuwa akipitisha chai na halua, na alikuwa amepita karibu nao.

"Dada, zima muziki," akaniambia. "Yule binti analia. Anasema miguu si yake."

Nikazima. Muziki ukaendelea. Nikachomoa waya, ukaendelea. Nikaweka kiganja juu ya spika: baridi, haitetemeki hata kidogo, na ngoma inavuma ukumbi mzima. Mama yake Salma akamkumbatia mwanawe kiunoni amvute, akaburutwa pamoja naye kama kanga iliyonasa mlangoni. Wanawake wakaanza kupiga kelele. Na yule mgeni anacheka, anazunguka, hatoki hata jasho.

Neema akarudi kinyumenyume, akagonga meza yangu. Sinia lenye gilasi alilolishika likamponyoka, likaanguka chini kwa kishindo.

Na yule mwanamke akakosea hatua.

Mara moja tu, kisigino kikamteleza. Akageuza shingo akamtazama Neema kwa jicho ambalo sitaki kulieleza.

"Umeona?" nikamwuliza Neema.

"Nimeona."

"Lete masinia yote ya jikoni."

Unajua nilichofahamu? Yule alikuwa akinisoma. Kila nnachokipanga alikijua. Lakini sinia lile halikupangwa na mtu. Neema alipoyaleta, nikasema bismillahi, nikashuka kwenye jukwaa langu na sinia mkono mmoja na upawa mkono wa pili, nikaanza kupiga. Sikupiga ngoma, mwenzangu. Nilipiga ovyo. Mara mbili, nanyamaza, mara tano, nakawia, hata miye sijui mkono utashuka lini. Miye, ambaye maisha yangu yote nnalishwa na mdundo!

"Pigeni!" nikawapigia kelele. "Kila mtu na lake! Msifuatane!"

Neema akapiga. Shangazi mmoja akavua kiatu akagonga meza. Mwengine sahani, mwengine kijiko na kikombe, mwisho ukumbi mzima unalia, hakuna wawili waliokwenda pamoja. Ile ngoma isiyo na spika ikamezwa humo humo. Mguu wa kulia wa mgeni ukaenda kwake, wa kushoto ukaenda kwake. Akasema kwa mara ya kwanza, Kiswahili cha Unguja safi kabisa:

"Hiyo si ngoma!"

"Ndiyo ngoma yetu," nikamjibu. "Icheze basi!"

Akajaribu, akapepesuka. Ili asianguke ikabidi amwachie Salma mkono mmoja, kisha wa pili. Papo hapo mama mtu akamdaka mwanawe, na ule muziki ukakatika.

Mgeni akasimama peke yake, kama amepungua kimo. "Tutaonana siku nyengine," akasema.

"Siku nyengine utanikuta na sinia. Toka kwenye ukumbi wangu."

Akatoka kwa mlango mkubwa, tukimpigia mpaka hatua ya mwisho. Wasichana wawili waliokuwa nje wakitunza simu waliapa kwamba hakupita mtu. Salma alikuwa mzima, anahema, na soli za viatu vyake, vilivyonunuliwa juzi yake, zimelika mpaka nyayo zinaonekana.

Basi hatujakaa sawa, mlango ukafunguka tena. Ni bi harusi! Akatukuta wengine hatuna viatu, jasho linatutoka, masinia mikononi. Akadhani tumemwandalia jambo la kumshangaza. Akalia kwa furaha. Nani angemwambia vyengine? Tukapiga vigelegele, tukamsindikiza kwa masinia mpaka kwenye kiti chake, Salma mbele, anacheza kwa miguu yake mwenyewe. Sijapata kupiga harusi tamu kama ile.

Tangu hapo Neema ameacha kupitisha chai, tunafanya kazi pamoja. Salma hucheza kila harusi, lakini hampi mtu mkono, hata shoga zake wa chuoni. Na miye, mara moja moja, spika zangu zikiwa zimezimwa ndani ya gari, nasikia disko dogo likipiga kwa mbali. Nagonga usukani ovyo mpaka linanyamaza, kisha nakwenda zangu.

Nawe ukialikwa harusi ukamwona mtu hajulikani na yeyote na hakosei hata hatua moja, mtazame, mshangilie ukipenda. Akikunyooshea mikono, mwulize kwanza ni wa upande gani. Asipokujibu, shika chochote kilicho karibu nawe ukipige, na usione haya kupiga vibaya.