Mvua ya Lubinza

Nilipokuwa mtoto, mvua ya kijiji chetu ilikuwa na mwenyewe. Simsemi Mungu. Mungu tulimjua, na kila Jumapili tulikwenda kumwomba. Namsema mtu mwenye kitambi kidogo na meno yaliyopishana mbele, aliyekuja kwetu kwa Landrova kutoka Mwanza na kurudi kwa pantoni ya jioni. Jina lake Lubinza, naye alikuwa mbunge wetu.

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyenieleza habari zake. Lubinza, alisema, alizaliwa akitanguliza miguu. Mtoto wa namna hiyo sisi Wasukuma tunamwita Kashinje, naye hachokozwi ovyo, maana akichukia, mawingu hukaa mbali. Bibi hakulisema jambo hili kama hadithi. Alilisema kama mtu anayekuonyesha kisima kilipo.

Katika kijiji kile sote tulikuwa wageni. Mwaka uliotangulia mgambo walipanda hadi kwenye mji wetu wa zamani kule vilimani, wakaezua nyumba, wakatuamuru tushuke tukaishi pamoja karibu na ziwa, upande wa Kamanga. Tulipangwa kwa mistari. Tuliahidiwa shule, bomba na zahanati. Shule tuliikuta. Mvua hatukuikuta. Pamba ilinyauka kabla ya kufika magotini, tukawa tunakula ugali wa unga wa njano wa msaada, ambao bibi alisema unanuka gunia.

Viongozi walikuja. Walisimama na miwani yao ya jua, wakatuhutubia juu ya kilimo cha kisasa, wakaondoka. Kisha siku moja akaja Lubinza, na yeye alivua viatu. Alikaa vumbini pamoja na akina mama, akawauliza mmoja mmoja nyumba yake ya zamani ilikuwa wapi. Bibi alipoanza kusimulia makaburi aliyoyaacha, la mumewe na ya watoto wake watatu, akalia. Lubinza naye akalia. Sikuwahi kumwona mwanamume mzima akilia vile, hadi kamasi, bila kuficha uso. Alituahidi zahanati ya mabati, akapanda gari lake, na kabla ya jioni kuingia mvua ikanyesha hadi watoto tukaogelea kwenye mitaro.

Mvua hiyohiyo ikinyesha, mama alijifungua. Mtoto alikuwa wa kike, tukamwita Kabula, maana alizaliwa mvuani. Wiki mbili baadaye Lubinza alipita tena, akasikia habari, akaja hadi mlangoni petu na kumpakata. "Huyu ni wangu," alimwambia mama. "Tumekuja siku moja." Mama alicheka huku ameziba mdomo kwa kanga. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kumsema Lubinza vibaya nyumbani kwetu.

Mabati yalikuja kweli. Wazee walikuwa wamekwisha kupandisha kuta za zahanati kwa matofali waliyofyatua wenyewe. Mwalimu wetu wa darasa la nne, Mwalimu Rwegoshora, Mhaya mrefu asiyecheka, Mlutheri aliyekunja mikono ya shati hata kanisani, alitutoa darasani tukayaandike mabati kwa rangi nyekundu ili yasipotee. Kila bati, upande wa chini, herufi tatu: ZAH. Mimi niliiandika Z yangu ikitazama nyuma, na kwa kuwa nilikuwa mwepesi wa mkono, nilikuwa nimeharibu mabati saba kabla Mwalimu hajaniona. Alinichapa rula kwenye vidole. "Minza," aliniambia, "hii ni alama ya kitu cha watu wote. Iandike sawasawa."

Mwezi haukuisha, lori likaja mchana kweupe. Dereva alisema Mheshimiwa ameagiza mabati yahamishwe kwa usalama hadi fundi apatikane. Mwenyekiti wa kijiji akatia sahihi. Wanaume wa kijiji wenyewe ndio waliopakia, wakisaidiana vizuri, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Fundi hakupatikana. Mganga aliyeletwa na serikali alingoja miezi miwili akitibu watu kwenye kivuli cha ukuta, kisha akahamishiwa kwingine.

Likizo iliyofuata baba alinichukua twende Buhongwa, pembeni mwa mji wa Mwanza, kumsalimia shangazi. Njiani tulipita nyumba mpya, kubwa, yenye baraza. Baba akasema kwa fahari, "Hapo ndipo kwa Lubinza." Upenu wa baraza ulikuwa chini, nami nikainua macho. ZAH. ZAH. Kisha moja ambayo Z yake ilitazama nyuma, na nyingine karibu yake.

Nikamvuta baba mkono. Aliangalia pale nilipoonyesha. Aliangalia muda mrefu kuliko mtu anayejua kusoma anavyohitaji, na baba alijua kusoma.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Mabati yetu, baba."

"Hujaona kitu," akasema. Alikaza mwendo hadi kwa shangazi.

Kabula alikuwa amekwisha kuanza kutembea alipopatwa na degedege. Alikuwa akicheza asubuhi, na saa nne macho yalimgeuka na mwili ukakakamaa. Bibi alimfukizia dawa, haikusaidia. Tulikuwa na kuta nne za zahanati hatua mia tatu kutoka mlangoni petu, ndani yake mbuzi wakijikinga jua. Baba alimpakia mama kwenye baiskeli, mama amembeba mtoto mgongoni, wakaenda Kamanga kutafuta pantoni ya kwenda hospitali Mwanza. Walipofika, pantoni ilikuwa ng'ambo. Waliiona kule, ndogo, ikipakia.

Niliwaona wakirudi mchana ule ule. Hawakuwa wamepanda. Baba alikuwa akiikokota baiskeli na mama akitembea nyuma yake, mtoto bado yuko mgongoni amefungwa kwa kanga, kichwa kimefunikwa. Bibi aliona mwendo wao tu, akakaa chini.

Siku ya kuzika, hatukumtazamia mtu yeyote kutoka mjini. Lubinza alikuja. Alikuja peke yake, bila Landrova, amekodi baiskeli kutoka Kamanga, amelowa jasho. Aliomba ambebe Kabula mwenyewe, akambeba hadi kaburini mikononi mwake, akaingia shimoni akampokea na kumlaza. Suruali yake ya kijivu ilijaa udongo. Alipotoka hakuikung'uta. Alikaa nasi siku mbili, akilala chini na wanaume. Mwalimu Rwegoshora alileta barua ya rambirambi iliyoandikwa vizuri sana, akampa baba mkono, akarudi shuleni, kwa kuwa kulikuwa na mtihani.

Nimewahi kujiuliza kama machozi ya Lubinza yalikuwa ya uongo. Leo nadhani yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Ulipofika uchaguzi, Mwalimu aliacha chaki akajitokeza kugombea, na chama kikayapitisha majina mawili: lake kwa alama ya nyumba, la Lubinza kwa alama ya jembe. Siku hizo wagombea walizungushwa pamoja katika gari moja na kusimama kwenye jukwaa moja, wakipokezana. Walikuja kwetu saa nane mchana, uwanja wa shule ukiwa umejaa.

Mwalimu alitangulia. Alisema kwa Kiswahili safi, taratibu, kama anafundisha. Alieleza mabati yaliletwa lini, lori lilikuja lini, mganga aliondoka lini. Hakutukana. Alipomaliza, watu walikuwa wametazama chini.

Lubinza akasimama. "Mwadila, mayu!" aliwaamkia akina mama kwa Kisukuma, jambo lililokatazwa kwenye kampeni, na msimamizi wa chama akajifanya anaandika. "Mwalimu anasema mabati yako wapi? Nami nauliza, nani ameyaona?"

Nilimtazama baba. Baba alikuwa anachokoa udongo kwa kidole gumba cha mguu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kitu fulani ndani yangu, sijui kama ni Kabula au ni rula ya Mwalimu, kilininyanyua. Nikainua mkono kama darasani.

"Mimi nimeyaona. Yako juu ya nyumba yako Buhongwa. Z yake imegeuka. Niliiandika mimi."

Lubinza alinitazama, akanitambua. Akashuka jukwaani, akaja hadi nilipo, akaweka mkono begani pangu.

"Mtoto huyu hasemi uongo," akawaambia watu. "Namjua. Dada yake nimemzika kwa mikono hii." Akainua mkono wa pili. "Ndiyo, mabati yako kule. Kwani nyumba ile ni ya nani? Wewe, Mzee Masanja, ulipokuja mjini kumtibu mkeo, ulilala wapi?"

"Kwako, Mheshimiwa."

"Na wewe, mayu, mwanao alipopelekwa kituo cha polisi, ulikuja kulia mlango wa nani?"

"Wako!"

"Basi ile ndiyo zahanati yenu. Ina baraza na chai. Mkitaka tuiezue leo, twendeni tukaiezue. Halafu mkija mjini, mtalala kwa Mwalimu. Mwalimu, una vitanda vingapi?"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko na vigelegele. Mwalimu alirekebisha miwani yake. Nilimtazama anijibie, lakini alikuwa anakaa chumba kimoja cha shule na mkewe na watoto wanne.

Kabla ya kupanda gari Lubinza aliangalia mbinguni, akasema kwa sauti ya chini, lakini watu wote walisikia, "Sina kinyongo. Ila moyo wangu umeumia."

Jembe lilishinda. Katika kijiji chetu, kilichokuwa na kuta za zahanati zilizojaa mbuzi, jembe lilishinda kuliko kwingine kote.

Mvua haikuja. Mwezi wa kumi na moja ulipita, wa kumi na mbili ukaingia, na kila asubuhi mawingu yalijikusanya juu ya ziwa kisha yakaondoka kama yameitwa. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Wenzangu waliacha tu kuteka maji pamoja nami. Mwanamke mmoja alikusanya wanawe nilipopita. Bibi, aliyekuwa akinilaza karibu naye tangu nikiwa mdogo, alinigeuzia mgongo.

Nilimfuata mama shambani, kwenye udongo uliopasuka.

"Mama, na wewe ulichagua jembe?"

"Ndiyo."

"Na mabati?"

Alilima hadi mwisho wa tuta. "Mabati nilijua kabla yako," akasema. "Baba yako aliniambia, usiku mliporudi. Sasa nisikilize, maana sitarudia. Nikisema yule ni mwizi, basi Kabula aliuawa, na aliyemuua nilimpa kiti nyumbani kwangu, nikamwachia azike. Nitalalaje? Lakini akiwa ni mtu wa mvua, Kabula alichukuliwa na Mungu tu, kama watoto wengine." Akaegemea mpini. "Mwalimu wako anataka kuniletea ukweli. Atakuja kukaa nao pamoja nami?"

Lubinza alipokuja kushukuru kwa ushindi, bibi alinishika mkono mmoja, mkono wa pili akashika kuku jike mweupe, akanipeleka mbele yake. Nilipiga magoti. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama yangu mdogo." Hakuwa na hasira hata kidogo. Alichukua maji kwenye kata, akanywa funda moja, akanipulizia usoni kama wazee wanavyobariki. "Yamekwisha," akasema.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Mvua kubwa, ya mchana kutwa. Na mimi, niliyeiona herufi yangu kwa macho yangu, nilitoka nje nikasimama ndani yake nikilia kwa furaha kwamba nimesamehewa. Sikujifanya. Niliamini kabisa, mwili mzima. Bibi alikuja akanifunika kanga yake, na nilikuwa nimeikosa harufu ya kanga ile kwa miezi miwili.

Mwalimu Rwegoshora aliondoka kurudi kwao Kagera mwanzoni mwa muhula. Alipita kuniaga, nami nikajificha nyuma ya ghala hadi alipoondoka.

Miaka ilipita, nikasoma, nikawa muuguzi mjini Mwanza. Nimeona degedege nyingi na najua leo ni dawa gani ndogo ingemtosha Kabula. Kura yangu ya kwanza maishani niliipiga nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, nimerudi kijijini kwa ajili hiyo. Lubinza alikuwa anagombea tena. Kulikuwa na kesi juu yake ya matrekta ya vijiji yaliyopotea, na kila mtu kwenye foleni aliijua. Mama alisimama mbele yangu, baba nyuma yangu. Mawingu yalikuwa juu ya ziwa, na wanawake waliyatazama na kunitazama mimi.

Nikaingia chumbani peke yangu, nikashika kalamu. Hakuna aliyeniona. Nilijua yote yanayoweza kujulikana juu ya mtu yule. Nilisimama mle ndani hadi msimamizi akakohoa.

Watu wa mjini huniuliza, wakisikia nilikotoka, kwa nini watu wetu hudanganywa miaka nenda miaka rudi. Nawaambia sijui. Nisichowaambia ni kwamba hakuna aliyewahi kutudanganya, na kwamba siku ile nilimchagua Lubinza, nikatoka nje, na mama akanishika mkono.